Je, vyuo vikuu vilazimishwe kuhesabu vyeti vya kozi fupi?

Mwanzisha mada, mwalimu wa taasisi ya kiufundi
Wadau, hoja ni hii. Vijana wa Nairobi wana vyeti tele vya kozi fupi kwenye simu zao: uchanganuzi wa data, usalama wa mitandao, uuzaji wa mtandaoni. Kila kimoja kinathibitisha ujuzi mmoja uliosomewa wiki kadhaa. Lakini kijana huyo akijiunga na chuo kikuu, mara nyingi anaanzishwa mwanzo kabisa, na wazazi wanalipia tena kile anachokijua.

Naona vyuo vilazimishwe kuvihesabu kuelekea stashahada na shahada. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo ipo tangu 2014, ndiyo iliyozaa KNQA, mamlaka inayousimamia mfumo huo, na mfumo wenyewe una ngazi 10 za kumpandisha mtu hadi uzamifu. Mbona basi kupanda kwenyewe ni kugumu hivi? Ulaya nako vyeti hivi vilizagaa bila utaratibu, na Juni 2022 Baraza la Umoja wa Ulaya likapendekeza kila cheti kionyeshe mwenye nacho anajua kufanya nini, amesoma kiasi gani, ametahiniwa vipi na ubora unasimamiwa vipi. Hayo manne yakiandikwa, mhadhiri atakuwa na kitu cha kupima. Mnasemaje?

Mhadhiri wa takwimu
Mwalimu, nakupinga. Nimepokea wanafunzi wenye vyeti vya uchanganuzi wa data. Chati wanachora vizuri. Waulize kwa nini wastani wa mishahara unapotosha pale watu wawili wanapolipwa mamilioni, kimya. Kozi nyingi za mtandaoni humalizikia kwa maswali ya kuchagua jibu, na ukianguka unarudia mpaka upite. Nikimsamehe mtu muhula wa takwimu kwa cheti hicho, mwaka wa tatu atakwama.

Mwenye karakana, Eneo la Viwanda
Daktari wetu wa takwimu ana haki, ila dawa iko karibu. Sisi tumezoea mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Fundi wa kuchomelea, hata kama ujuzi kaupatia kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, anapewa vyuma, mchoro na muda. Akimaliza, mtahini anagonga ukoko utoke, anautazama mshono kama umepenya au una vitundu, anapima. Hamuulizi alisoma wiki ngapi. Mimi huajiri kwa mtihani wa namna hiyo. Cheti cha kuhudhuria semina sikisomi. Chuo kikuu kiweke mtihani wake, anayepita apite.

Muuguzi, Eastlands
Nakuunga mkono, kaka. Sisi wauguzi hatuhuishi leseni bila pointi za mafunzo endelevu, kwa hiyo tunasoma mwaka baada ya mwaka: kudhibiti maambukizi, kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Nilipotoka stashahada kwenda shahada, niliambiwa pointi hizo hazihusiki. Niliketi darasani nikifundishwa kushika mfuko wa kumpumulisha mtoto, kazi niliyoifanya usiku mwingi wodini. Somo hilo nililipia kwa mshahara wangu. Inauma.

Mzazi, Kayole
Mimi naogopa jambo jingine. Tangu mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu uanze 2023, karo imetutesa. Tukivisifu sana vyeti vifupi, serikali itasema mtoto wa Kayole vinamtosha, shahada waachiwe wenye nacho. Mwanangu asije akapewa vipande maisha yake yote.

Mwanzisha mada
Mama, hofu yako ndiyo inayonifanya nitake vihesabiwe. Cheti kisichompeleka popote ndicho kitakachomwacha mwanao na vipande. Daktari, nakubali kwamba bila mtihani wa chuo chenyewe cheti kisihesabiwe. Nawe kubali kwamba mtihani huo uwepo, utangazwe wazi, na ada yake iwe chini ya karo ya somo lenyewe. Hapo dada yetu muuguzi angetahiniwa asubuhi moja, akaenda zake kusoma asilolijua.

Mhadhiri wa takwimu
Mtihani nitautunga, Mwalimu. Lakini mtahini atalipwa na nani? Idara yangu ina wahadhiri wachache na karatasi za kusahihisha haziishi. Ukimpa mtu huyo huyo kazi ya kuwatahini waombaji mmoja mmoja bila shilingi ya ziada, ataangalia cheti, atapiga muhuri, na tutarudi kule kule ninakokataa. Wizara itenge fedha hizo kwanza, ndipo mnilazimishe.