Waliopita barazani (usuluhishi wa ndoa) na mahakamani kudai talaka, watoto au mali, tupeane uzoefu

Dada wa Temeke: Leo nimepita nje ya mahakama ya mwanzo nimemuona binti kakaa kwenye benchi ana mtoto mgongoni, yote yakanirudia. Mie mume alikuwa haji barazani, anaitwa haji, anaitwa tena anasema yuko safari kumbe yuko baa ya jirani, na karani akanikatalia shauri eti nilete kwanza karatasi ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Wengine mlifanyaje?

Kigogo Boy: Hapo kwenye baraza ndo watu huzeekea

Mama K: Nyie mna talaka ya kudai. Mie tumeanza chumba kimoja Mbagala godoro chini, nakaanga chapati alfajiri yeye fundi aluminiamu, tukanunua kiwanja Kongowe kwa hela ya vikoba ila karatasi zina jina lake, mtaa mzima wananiita mke wa fundi, mama yake akilazwa nalala mie wodini. Siku nimemuuliza meseji za usiku ni za nani akanitolea vitu nje mvua inanyesha, watoto wamelowa majirani wanachungulia tu. Nikaenda mahakamani kifua mbele, si nimeshasikia mkiishi miaka miwili na watu wanawajua mke na mume sheria inawadhania mmeoana? Weee! Siku ya kusikilizwa kaja na mmama wa makamo katulia zake, mkononi cheti cha ndoa ya kanisani, wamefunga Songea kabla hata sijamjua. Hakimu kasema mwenye ndoa ya mke mmoja hadhaniwi kaoa tena. Miaka yote ile nami ni mgeni tu!

Kigogo Boy: Duh. Na kiwanja?

Dada wa Temeke: Pole mama. Fundi huyo alaaniwe

Mzee Busara: Ndo mjifunze kudai cheti. Na watoto wakifika saba ni wa baba, msisumbuane.

Binti Mwanasheria: Mzee acha. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinasema wa chini ya saba inadhaniwa ni vema akae na mama, hakijasema akifika saba apakiwe kama gunia la mkaa. Hakimu anaangalia ustawi wa mtoto, na mwenye umri wa kujieleza anasikilizwa.

Mzee Busara: Nimelea sita we umelea nani

Binti Mwanasheria: 😂 Mama K, soma cha 160(2). Dhana ya kuwa mmeoana ikivunjwa bado unaweza kuomba matunzo yako na ya watoto, ukithibitisha mliishi miaka miwili.

Ustadhat: Mie talaka nimepewa kwa WhatsApp. Shehe kasema imepita, ila mgao wa nyumba lazima mahakamani. Shemeji akadai sina changu kwa vile sikuwa na kazi!

Binti Mwanasheria: Mwambie asome kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983, kazi za nyumbani ni mchango.

Mzee Busara: Malizia basi, huyo Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, walisema alitapanya hela za mume.

Binti Mwanasheria: Kweli, ila kanuni ilibaki.

Kigogo Boy: Mama K kiwanja jamani

Mama K: Matunzo ya watoto nimepewa, mwezi huu kaleta nusu. Kiwanja nimefungua shauri jingine kama mchangiaji, natafuta risiti za vikoba. Yule mmama wa Songea kanipigia jana, na yeye anadai matunzo, kaomba twende wote.