Gumzo la familia: Nihame Movie Maker niende wapi?

Mimi: Shikamooni. Naomba ushauri. Nimerekodi mazungumzo na Bibi kwa simu mbili, moja inaangalia uso, nyingine mikono yake akifuma. Sauti nimechukua kwa kinasa sauti pembeni. Sasa Movie Maker, programu ninayohaririia video, ina mstari mmoja tu wa video, siwezi kuweka picha moja juu ya nyingine.

Mjomba: Marahaba. Hama tu. Microsoft waliachana nayo tangu Januari 2017, hakuna tena anayeitengeneza.

Binamu: Chukua Premiere Pro! Ndiyo ya wenye kazi zao.

Dada: Hiyo unalipia kila mwezi. Siku ukiacha kulipa, mradi wako huwezi kuufungua uendelee kuuhariri. Mtu wa video mbili tatu kwa mwaka atateseka bure.

Binamu: Basi Final Cut Pro.

Mimi: Nina Windows.

Binamu: Aa, hiyo haiingii Windows.

Mjomba: DaVinci Resolve. Toleo lake la bure si la majaribio, haliishi muda. Linatoa video hadi ubora wa 4K, fremu (picha) 60 kwa sekunde. Nembo yao inatokea tu ukigusa efekti za toleo la kulipia. Na kwa rangi sijaona mfano wake: ile simu yako moja ikitoa picha ya njano na nyingine ya buluu, humo utazipatanisha vizuri kabisa.

Mimi: RAM (kumbukumbu ya kompyuta) yangu ni GB 8 Mjomba.

Mjomba: Hapo pagumu. Hiyo inataka 16 kwenda juu, na kadi ya picha yenye nguvu. Itafunguka, lakini itakwama kila ukicheza klipu.

Dada: Mimi natumia Kdenlive kwenye mashine ya GB 8 hiyohiyo. Ni ya bure kabisa, na unaweka mistari ya video mingi utakavyo. Ila washa proksi kabla ya kuanza. Programu inatengeneza nakala nyepesi ya kila klipu, unakata kwa hizo nakala, halafu wakati wa kutoa video iliyokamilika inarudi yenyewe kwenye faili halisi. Ubora haupungui. Resolve nayo ina kitu hicho, jaribu kabla hujakata tamaa nayo.

Shangazi: Na zile video ulizokwisha kutengeneza, mwanangu? Zitapotea?

Dada: Swali zuri Shangazi. Mradi wa Movie Maker haufunguki kwenye programu hizi. Kwa hiyo usiifute bado. Malizia kazi zilizobaki humohumo, zitoe kwa ubora wa juu, na utunze klipu asilia.

Mimi: Nitafanya hivyo. Lingine: sauti ya kinasa inaanza sawa na midomo, ikifika dakika ya 20 zimeachana. Ni Movie Maker hiyo?

Mjomba: Mara nyingi ni simu. Simu hairekodi fremu kwa kasi moja, inapanda na kushuka. Ukihamia programu mpya tatizo utahama nalo. Pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kubadili faili za video, chagua Constant Framerate (kasi moja ya fremu), ndipo uanze kukata. Siku nyingine gonganisha viganja mara moja mbele ya kamera zote mkianza, ule mlio ndio utakaolinganishia.

Dada: Kdenlive ikiona klipu ya aina hiyo inakuuliza kama uibadilishe. Kubali.

Mimi: Basi leo usiku nachukua dakika 3 za Bibi, kamera zote mbili na sauti, nazijaribu Kdenlive kwanza halafu Resolve. Itakayocheza bila kukwama ndiyo nitakayojifunza.

Mjomba: Hapo umenena. Na utoe hizo dakika 3 mpaka mwisho, usiishie kwenye kukata. Mashine dhaifu nyingi huangukia hapo.

Shangazi: Ile sehemu Mama anapomtaja marehemu Baba, tafadhali usiikate.

Mimi: Siikati Shangazi. Ndiyo nitakayoanza nayo.