Yule wa dirisha la ada leo kanirudishia pesa zangu kwa ncha ya kalamu!!

mamaAnisa_Pune

Jamani nimetoka huko sasa hivi, mikono bado inatetemeka, mkiona nimekosea herufi nisameheni.

Yule mtu wa dirishani. Mnamjua. Kila mzazi wa hapa Pune, India, mwenye mtoto kwenye shule ile anamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye kalamu mbili mfukoni na ya tatu sikioni. Leo saa nne asubuhi, mbele ya foleni nzima, kachomoa ile ya sikioni akazisukuma pesa zangu nje ya dirisha kwa ncha yake. Kidole hakugusa. Kwa KALAMU, kama mtu anayeondoa mende aliyekufa mezani.

Na mie sikwenda mkono mtupu. Tangu Oktoba, tulipomaliza awamu ya pili ya mwaka jana, naweka rupia 8,000 kila tarehe 5 kwenye RD, ile akaunti ya benki ya kuweka kiasi kile kile kila mwezi. Ada ya mwaka ilikuwa 96,000. Nusu yake 48,000. Miezi sita mara elfu nane, 48,000, haipungui hata peni. Baba Anisa yuko kiwandani Chakan zamu ya usiku, mie nashona nyumbani, tumekula wali na dengu mpaka dengu zenyewe zinatuonea huruma. Idi imepita sina kanga mpya.

Shule inafunguliwa Aprili. Mwisho wa Machi, zimebaki siku chache tu, barua inaingia kwenye simu: ada imepanda asilimia 12. Nusu sasa ni 53,760. Chini yake kuna kitu wanakiita ada ya mwaka, 9,000. Kwani hiyo nyingine ni ada ya nini, ya karne? Jumla 62,760, ilipwe kwa mkupuo. Hapo sijagusa vitabu, 6,800, na lazima uvinunue kwenye duka lao. Kitabu cha serikali cha NCERT cha darasa la pili ni rupia 65, nimekiona kwa macho yangu, wao wanataka cha kampuni nyingine cha 480, na ndani ni embe mbili ongeza embe tatu vilevile. Na soksi! Mstari wa soksi ulikuwa wa bluu, mwaka huu ni wa kijani. Jozi nne za mwaka jana, nzima kabisa, zimekuwa matambara ya kupigia deki.

Basi nikachukua ile 48,000, nikaongeza 6,000 ya malipo ya mbele ya lehenga, ile sketi ya sherehe ya Kihindi, ya bibi harusi mmoja, ikawa 54,000. Noti 108 za mia tano. Nikasimama kwenye foleni ile mpaka nikahisi Anisa atatoka darasa la pili akiwa na wajukuu. Nikafika, nikasalimia kwa adabu, nikamwambia bhaiya, yaani kaka, pokea hizi, 8,760 iliyobaki naleta kabla ya tarehe 30.

Hakuzihesabu. Akatoa kalamu sikioni. Akasukuma. Noti tatu zikaanguka upande wangu. Halafu akasema kwa Kihindi, kwa sauti ya mwadhini, kila mtu asikie: "Shule hii si ya kila mtu."

Nikainama kuokota, magoti chini, Anisa amesimama pembeni na begi lake mgongoni. Kwenye rikisho ananiuliza, "Mama, pesa zetu zina nini?"

Nimjibu nini mtoto?

Bwashee_Ilala

Pole dada, lakini taslimu 54,000 unaibeba ya nini miaka hii? India hata muuza chai barabarani anapokea kwa simu. Ungelipa kwa simu usingekutana na kalamu ya mtu.

mamaAnisa_Pune

Bwashee, mfumo wao wa kulipia haupokei pungufu. Unaandika 54,000, unakataa, unataka 62,760 au sifuri. Ndiyo maana nikaenda dirishani kuongea na binadamu. Nikakuta kalamu.

MtuWaSurat

Mama Anisa huko Maharashtra mna sheria ya ada ya 2011, itumieni. Huku Gujarat ya kwetu ni ya 2017, ilianza na vikomo vya kwa mwaka: msingi 15,000, sekondari 25,000, kidato cha juu 27,000, anayetaka zaidi aende mbele ya kamati ajieleze. Shule ya mwanangu ilikwenda kujieleza, ikarudi na 41,000. Hao watu wanajua kujieleza!

Wakili_wa_Mtaani

Sheria ya Maharashtra ipo, lakini ilirekebishwa 2018. Mzazi mmoja hasikilizwi, mpaka wajiunge asilimia 25 ya wazazi. Dada una wenzako wangapi kwenye kundi la wasap?

mamaAnisa_Pune

Tuko 212. Nimeandika kilichonipata leo. Wawili wameweka mikono ya sala, mmoja kauliza soksi za kijani zinapatikana wapi. Na mwanamke mmoja alikuwa nyuma yangu KABISA, aliiona kalamu, aliziona noti chini, hajaandika hata herufi.

Kipanga77

Ungemnyang'anya hiyo kalamu ukaivunja mbele yake. Unaokota pesa magotini kwa sababu gani? Mtu wa Tanga mzima!

mamaAnisa_Pune

Kwa sababu ni elfu moja na mia tano, Kipanga. Ni lehenga ya mtu. Na mtoto kesho anatakiwa aingie darasani. Aprili 2025 huko Delhi kuna shule ilikuwa inawafungia maktaba watoto wenye mgogoro wa ada, mpaka Mahakama Kuu ikaikemea. Mie nivunje kalamu halafu Anisa akakalishwe maktaba?

Shemeji_Muscat

Mie niko Muscat, mtoto yuko shule ya Kihindi huku huku, mtaala ule ule wa CBSE, bodi ya elimu ya India, mwezi ule ule wa Aprili, na dirisha ni lile lile. Wa kwetu hana kalamu, ana rula. Anagonga rula mezani ukichelewa kufungua pochi. Nadhani wamezaliwa tumbo moja.

kodi_ni_yangu

Ikateni kwenye mapato yanayotozwa kodi, ada ya shule inakatwa.

Wakili_wa_Mtaani

Inakatwa kwa mfumo wa zamani wa kodi tu, ndani ya kikomo cha laki moja na nusu pamoja na bima na akiba zako nyingine, na ni ada ya masomo peke yake, nauli ya basi na michango haimo. Mume wake kama yuko mfumo mpya, hapati kitu.

mamaAnisa_Pune

Yuko mfumo mpya. Tuachane na kodi. Nazungumzia KALAMU.

MzeeHyderabad

Binti yangu, nisikilize mimi mtu mzima. Mpeleke shule ya serikali, sare bure, vitabu bure, na chakula cha mchana juu. Mimi wanangu wawili wamesoma hapo na wameajiriwa. Mnajitesa kwa ajili ya tai.

mamaAnisa_Pune

Shikamoo mzee. Ya karibu nasi inafundisha kwa Kimarathi, na Anisa tukirudi Tanga atahitaji Kiingereza. Sifuati tai mzee wangu. Nimejinyima miezi sita, nimepeleka pesa halali, na pesa halali hupokelewa kwa mkono.

Kinyozi_Bengaluru

Ada ni asilimia 12 mnalia? Njooni Bengaluru muone mwenye nyumba. Amana ya miezi KUMI. Kumi! Chumba na sebule, 22,000 kwa mwezi, nimemwekea laki mbili na elfu ishirini kabla sijapewa ufunguo. Nimehama Januari, mpaka leo ananiambia amekata pesa ya rangi. Nyumba nimeikuta nyeupe nimeiacha nyeupe.

Bwashee_Ilala

Laki mbili ya rangi? Kapaka ikulu?

MtuWaSurat

Wa Bengaluru wote ndio hivyo. Shemeji yangu alikatwa elfu nne kwa sababu ya msumari. Msumari wenyewe kaukuta ukutani.

Shemeji_Muscat

Huku wa kwangu kakata pesa ya kusafisha kiyoyozi ambacho kilikufa mwaka ninaingia. Nikamuomba risiti akaniuliza kama nina haraka ya kwenda mahali.

mamaAnisa_Pune

Jamani uzi ni wa ada. Kesho naenda tena saa tatu, na noti zile zile 108. Nimezinyoosha kwa pasi. Kama kuna mzazi wa pale anasoma hapa, naomba tusimame wawili, asimame tu nyuma yangu, si lazima aseme kitu.

Kinyozi_Bengaluru

Mungu akusaidie dada. Lakini huyu wa rangi hata simu hapokei tena, tangu Ijumaa.

Kipanga77

Kinyozi, mwenye nyumba wako yuko upande wa Whitefield? Mnene, ana pete nne mkono wa kulia, ananukia kafuri?

Kinyozi_Bengaluru

HUYO HUYO! Na wewe alikukata ya nini?