Kolamu inaitwa rank, MySQL imegoma baada ya kuapgredi

Muulizaji:
Habari wadau, naomba msaada maana nimekwama tangu jana. Tumetoka MySQL (databesi yetu) 5.7 tukaenda 8.0, programu ilikuwa inapiga kazi freshi kabisa, sasa hivi SELECT jina, rank FROM wachezaji inatema erori 1064 eti sintaksi mbovu, na kodi sijaigusa hata mstari mmoja. Kinachonichanganya zaidi, kuna kweri nyingine (ombi la kusoma data) inasoma kolamu hiyohiyo ila imeandikwa w.rank, w ikiwa kifupi cha wachezaji, na yenyewe inakubali. Shida iko wapi?

Jibu 1:
Pole mkuu. Kuanzia 8.0.2 neno rank ni neno lililotengwa, MySQL wamelichukua wenyewe kwa ajili ya fankisheni ya RANK() ya kupanga nafasi, wakachukua na row_number, lead, lag, groups. w.rank inapita kwa sababu kinachofuata nukta lazima kiwe jina tu, haiwezi kukisoma vingine. Kwa leo zungushia bektiki, `rank`, utapona. Ila usije ukaweka "rank" kwa kwoti mbili, kwa setingi za kawaida za MySQL hiyo inasomwa kama maandishi, kwa hiyo kila mchezaji atarudi na neno rank badala ya namba yake na hutaona erori yoyote, na hapo ndo utateseka kuitafuta.

Jibu 2:
Bektiki sawa kwa leo, lakini usiiache hivyo, badilisha jina kabisa. Mimi niliwahi kukuta tebo inaitwa user kwenye Postgres, databesi nyingine, nikaandika SELECT * FROM user, ukarudi mstari mmoja tu wenye jina la akaunti niliyoingilia, hakuna erori, nikadhani data zote zimefutika!! Kumbe Postgres wanalisoma user kama swali la "nani ameingia". Na siku ukihamia databesi nyingine, bektiki zako hazifai kitu, Postgres wanataka kwoti mbili, SQL Server wana mabano ya mraba, utapitia kweri moja moja.

ALTER TABLE wachezaji RENAME COLUMN `rank` TO nafasi;

Tebo yako tayari ina jina la Kiswahili, endelea hivyohivyo, agizo, kundi, nafasi, hayo hakuna databesi itakayokunyang'anya.

Muulizaji:
Asanteni sana, nafasi imekubali. Na kweli nina tebo ya groups pia, ningeikuta imekufa kesho. Nitajuaje mengine bila kusubiri yanilipukie?

Jibu 1:
Iulize databesi yenyewe:

SELECT word FROM information_schema.keywords WHERE reserved = 1;

Ipo kuanzia 8.0.13. Linganisha na majina yako yaliyo kwenye information_schema.columns na information_schema.tables. Kwa Postgres ni pg_get_keywords(). Fanya hivyo kwenye seva ya majaribio yenye toleo jipya kabla hujaapgredi ile ya kazini.