Mrejesho: Binti yetu amebaki nasi Nampula

Ndugu zangu, Januari niliwauliza kama tumrudishe binti yetu wa miaka 7 kwa bibi yake Mbeya, kwa sababu huku Nampula, Msumbiji, tunakohudumu, shule ni kwa Kireno. Wengi mlisema abaki na wazazi. Amebaki, na nawashukuru sana.

Miezi miwili ya kwanza alilia kila asubuhi, nami nililia naye. Sasa ananisahihisha Kireno changu! Kimakua amekiokota kwa watoto wa jirani, na mama zao ndio walionifundisha kupika matapa, yaani kisamvu cha karanga na tui la nazi. Jumapili iliyopita alimtafsiria baba yake tulipokwenda kuombea mgonjwa.

Bibi bado hajaridhika. Tunampigia kila Jumamosi.