Tupeane uzoefu: Fielder au Sienta, ipi inalinda familia zaidi barabara za huku kwetu?

Mwanzilishi, Nakuru
Wengi wanaotafuta gari la familia huishia kwenye Toyota mbili: Corolla Fielder na Sienta ya umbo lililotoka 2015. Bei na mafuta tumeshaongea vya kutosha. Hapa tuweke usalama pekee, tukifikiria safari ya Nakuru, Mau Summit, Kericho hadi Kisumu, mvua na ukungu zikiwemo.

Fundi, Kondele
Kwanza mifuko ya hewa. Bonyeza stata mara mbili bila kukanyaga breki. Taa ya SRS (mfumo wa mifuko ya hewa) iwake kama sekunde 6, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameitoa. Ikizima pale tu injini inaponguruma, pamoja na taa ya betri, imeungwa waya kwenye taa nyingine, na huenda mifuko ilishalipuka ikazibwa juu juu. Vuta mikanda ya mbele pia: uliojikaza siku ya ajali hubadilishwa mzima, hautengenezwi. Mifuko 2 ya mbele zote mbili zinayo. Ya ubavuni haikuwekwa kila gari, kwa hivyo tafuta maandishi ya SRS AIRBAG pembeni mwa kiti na juu ya nguzo ya mlango.

Mwagizaji, Nakuru
Omba karatasi ya mnada kutoka Japani. Gredi R au RA maana yake mwili uliumia ukarekebishwa. XX kwenye mchoro ni kipande kilichobadilishwa; kikiwa mlango, uliza, kikiwa karibu na chasisi, achana nayo.
Breki ya kujifunga yenyewe (Toyota Safety Sense C) ilianza kwenye Fielder Aprili 2015, na Sienta ilipotoka Julai mwaka huo, ila si magari yote yanayo. Chungulia nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma kama kuna kijisanduku cha kamera. Ya kwanza ilitambua magari tu. Sienta za baada ya Septemba 2018 hutambua na mtembea kwa miguu mchana, na hapo naipa Sienta alama. Ukibadilisha kioo cha mbele bila kamera kupangwa upya, mfumo huo usiutegemee tena.

Mama wa watatu, Milimani Kisumu
Mlango wa Sienta wa kuteleza haufungukii boda boda anayepita ubavuni, na kwa watoto hilo ni kubwa. Safisha reli yake, changarawe huufanya ukwame. Lakini safu ya tatu siipendi hata kidogo: mgongo wa kiti uko karibu sana na mlango wa nyuma, lori likigonga hakuna chuma cha kutosha katikati. Watoto wakae safu ya pili, ndoano za ISOFIX (za kufungia kiti cha mtoto) ziko huko. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa.

Fundi, Kondele
Kweli, dada. Familia ya watu 5, mimi nachagua Fielder. Iko chini zaidi, haiyumbi sana kwenye kona. Hatari yake ni buti: gunia la mahindi la kilo 90 likilazwa juu juu, ukifunga breki linakuja na viti. Liegemeze mgongo wa kiti, chini kabisa.

Dereva wa masafa, Mau Summit
Kushuka kuelekea Salgaa, ukiwa na haibridi weka gia B (ya kupunguza kasi kwa injini) kabla mteremko haujaanza. Betri ikijaa katikati ya mlima haipokei tena umeme wa breki, kazi kubwa inabaki kwa pedi, na mafuta ya breki yaliyonyonya maji huchemka, pedali inazama. Badilisha mafuta hayo kila miaka 2.
Tairi: soma tarakimu 4 za mwisho ubavuni. 2319 ni kwamba ilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Upepo fuata kibandiko cha mlango wa dereva. 230 kPa ni kama psi 33, na ipimwe tairi zikiwa baridi.