Kikundi cha Ukoo, Tanga: Q isiyo na U

Rahma: Shikamooni wote. Klabu yetu ya Scrabble, ule mchezo wa kupanga kete za herufi ubaoni kuunda maneno, imepewa kazi mbili za wikiendi. Ya kwanza ni kutafuta maneno kumi ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U, na yawe kwenye kamusi ya Collins ya mchezo. Mpaka sasa nina moja, QI

Mamdogo Saumu: Marahaba mwanangu. Niko zamu ya usiku, nachungulia tu

Idi: Rahma nipe dakika moja. Nina orodha ya maneno kwenye kompyuta, naiambia grep, programu ya kutafuta maandishi, inichujie kila neno lenye Q ambayo herufi inayofuata si U. Kwisha kazi

Mjomba Hamadi: Idi baba, subiri kwanza. Ukimtumia orodha ataisoma leo, Jumatatu Q iko mkononi na hakumbuki hata moja. Mwache atafute, halafu orodha yako itumike kuhakikisha

Rahma: Nitafuteje mjomba? Nikiiona Q kichwani yanakuja QUEEN, QUICK, QUESTION

Mjomba Hamadi: Lazima yaje hayo. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 makarani walileta mtindo wa Kifaransa wa kuandika QU. Kabla yao malkia aliandikwa CWEN. Kwa hiyo Q ikiwa peke yake, jua neno hilo ni mgeni Uingereza. Usipekue Kiingereza, jiulize ni lugha gani ina Q ambayo haina haja na U

Idi: Kichina. QI ya Rahma ni ya Wachina

Mjomba Hamadi: Hiyo moja. Na nyingine Bibi anaisoma mara tano kwa siku

Bibi: Kiarabu. ق

Bibi: Rahma umekaa madrasa miaka yote hiyo unahangaika na nini. Taja maneno yenye qaf, Waswahili tumeyafanya K. Mjomba wako atakwambia yapi Waingereza nao wameyachukua

Rahma: Subhanallah. QIBLA?

Mjomba Hamadi: Ipo!

Rahma: Kadhi… QADI?

Mjomba Hamadi: Ipo. Na hilo lishike vizuri, maana kamusi inakubali pia CADI na KADI. Usipokuwa na Q bado una kadhi

Bibi: Talaka. Wakfu. Kasida.

Mjomba Hamadi: TALAQ, WAQF, QASIDA. Zote zimo, mama. WAQF ni herufi nne tu na ina pointi 19 kabla hujaiweka kwenye mraba wowote wa ubao unaozidisha pointi

Rahma: Kasida hii hii ya maulidi?? Iko kwenye kamusi ya Kiingereza?

Mjomba Hamadi: Hii hii. Na ukiwa na S inakuwa QASIDAS, herufi saba. Ukizishusha zote saba toka mkononi kwa mkupuo mmoja unaongezewa pointi 50

Mamdogo Saumu: NIQAB na BURQA jamani

Idi: SUQ, soko. U ipo ila imetangulia

Mjomba Hamadi: Sahihi kabisa, sharti ni isifuatwe na U. Kwa hiyo hata QANUN inaingia, ile kanuni ya taarabu yenye nyuzi nyingi

Bibi: Fakiri na tarika je

Mjomba Hamadi: FAQIR, TARIQA. Mama leo umeamka nayo

Rahma: Bibi na Qurani?

Mjomba Hamadi: Hapana hiyo, jina mahususi. Majina ya kuanza na herufi kubwa mchezo hauyaruhusu. Badala yake weka QAT, mirungi

Rahma: Nahesabu: QI, QIBLA, QADI, TALAQ, WAQF, QASIDA, NIQAB, BURQA, SUQ, QANUN, FAQIR, TARIQA, QAT. Yamezidi kumi!! Na sikukariri hata moja

Idi: Nimeyapitisha kwenye orodha, yote yamo. Grep imeniongezea QWERTY, ile ya kibodi, na TRANQ, dawa ya kutuliza. Hayo kwa njia ya Bibi usingeyapata, kubalini

Mjomba Hamadi: Nakubali. Kompyuta haisahau. Ila mezani hutaruhusiwa kuwa nayo, ndiyo maana nataka awe na njia ya kufikia neno akiwa peke yake. Rahma, kwenye mfuko kuna kete 100. Q ni moja na U ni nne tu. Nne zikishatoka na Q bado unayo, ukimaliza mchezo nayo unakatwa pointi 10, na mwenzako akiwa ndiye aliyemaliza kete anaongezewa hizo hizo. Nimeona watu wanapoteza mechi hivyo

Mamdogo Saumu: Kaka, hao mabingwa wanajua maana za hayo maneno yote?

Mjomba Hamadi: Si wote. Nigel Richards wa New Zealand mwaka 2015 alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa na Kifaransa hazungumzi. Alikariri kamusi. Na mwaka huo huo ubingwa wa dunia wa Kiingereza aliuchukua Mnigeria, Wellington Jighere, kule Perth, Australia. Mwafrika wa kwanza. Usiku ule nilishindwa kulala kwa furaha

Bibi: Huyo wa Kifaransa Mungu amempa kichwa. Lakini wangu ajue na maana. Rahma, waqf ni nini?

Rahma: Mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi wala hairithiwi

Bibi: Ahsante. Sasa iandike.

Rahma: Kazi ya pili. Herufi saba A E G I R S T, neno moja litumie zote. Nimezigeuza geuza tangu Magharibi

Idi: Hapa kompyuta inafanya hivi, inapanga herufi za kila neno kwa alfabeti. TEA, EAT na ATE zote zinakuwa AET, zinaangukia kapu moja. Ukiuliza AEGIRST inafungua kapu hilo tu. Sisemi limo nini, mjomba asinigombeze

Mjomba Hamadi: Umefanya vyema. Rahma, usizipange kwa mstari, ziandike kwa duara ili jicho lisishike mpangilio mmoja. Kisha toa S pembeni, hiyo ni ya wingi. Zinabaki sita, A E G I R T. Angalia miisho, -ER, -IER, -AGE

Rahma: -AGE inabakisha R, I, T. RITAGE? TIRAGE? Hakuna

Mjomba Hamadi: Umekaribia sana, endelea kuzigeuza hizo tatu

Mamdogo Saumu: TRIAGE!! Ndiyo kazi niliyo nayo hapa mlangoni pa dharura tangu saa mbili. Kuangalia nani aonwe kwanza

Mjomba Hamadi: Saumu!!

Rahma: TRIAGES 😭 Mamdogo umejuaje

Mamdogo Saumu: Limeandikwa ukutani juu ya kichwa changu. Gari la wagonjwa limeingia, naenda

Idi: Kapuni yamebaki mengine, Rahma

Rahma: Usiseme!! Nachora duara